Kimya cha Wenye Simu za Zamani

Mimi sina huruma na msimbo wa kompyuta uliozeeka. Nasema mapema, maana kazini sasa wananiita mpenda makuukuu. Ofisi yetu ya Braamfontein inatunza picha na mafaili ya watu kwenye seva, na ndani ya programu yetu kulikuwa na kipande kilichobaki kwa ajili ya simu za zamani tu. Kilitutesa. Kila tulichojenga tulikijenga mara mbili, kwa simu mpya na kwa hizo kuukuu. Aliyeomba kifutwe ni mimi.

Kwetu, kabla ya kufuta kitu unakizima kwanza mchana kweupe, unasubiri nani atapiga kelele. Tukakizima. Siku zikapita, dawati la malalamiko kimya. Meneja akafurahi. Akasema hakuna anayekitumia, Ijumaa tufute, pamoja na mafaili yote yaliyohifadhiwa kwa mtindo ule wa zamani.

Jioni hiyo, nyumbani Rosettenville, jirani akanipigia hodi. Ni mama wa Bukavu, mshonaji, mlango wake unafuatana na wangu. Mkononi ana simu kuukuu iliyopasuka kioo.

"Dada, simu inakataa kufungua picha za mama. Minazani imechoka."

Mama yake alifariki kule Bukavu, yeye akiwa huku, hakumzika. Picha alizotumiwa alizihifadhi kwenye programu yetu, kwenye kipande kile tulichokizima, na hakuwa na nyingine. Nikamuuliza mbona hakutuandikia. Akaniangalia kama nimeota pembe. Aandike ofisini, waje wamuulize makaratasi ya ukaazi? Yeye anamshukuru Mungu ofisi zisipomwona.

Nilichemka. Watu wetu, sisi wageni katika jiji hili, hawalalamiki kwa ofisi. Kitu kikiharibika wanasema simu imechoka, wananunua bando jingine, basi. Na sisi tulikaa tunasubiri kelele zao.

Asubuhi nikamwambia meneja sifuti.

"Eish, kwa ajili ya mtu mmoja?"

Nikamwambia huyo mmoja nimemjua kwa sababu tunapakana ukuta. Wengine wanapakana na nani humu ofisini? Wenzangu wote wakainamia kompyuta zao. Meneja akasema kazi atampa mwingine. Ampe, nikamjibu, nami nitakaa naye kiti kwa kiti nimwambie anafuta picha za nani. Kibali changu cha kazi kimefungwa kwenye kampuni ile; nikifukuzwa, nacho kinaisha. Yeye alijua, nami nilijua kwamba anajua. Potelea mbali, sikurudi nyuma hata unyayo.

Akakubali shingo upande. Tuhamishe kwanza mafaili yote ya zamani kwenye mtindo mpya, awepo mwenyewe asiwepo, ndipo tufute. Tukahamisha. Kisha kile kipande nikakifuta kwa mikono yangu, na nilisikia raha, sitaficha.

Mama mshonaji nikamfungulia picha kwenye simu ya binti yake, maana ile yake haingeweza tena. Alizipitia polepole, akalia, akajifuta kwa kitenge alichokuwa anakishona. Nikamweleza yote, jinsi tulivyozima na kusubiri kelele.

Akakikunja kitenge, akaniuliza:

"Sasa vile sikupiga kelele, mulizani nami nilikufa?"

Nikamwambia ndiyo, mama. Ndivyo tulivyodhani.