Shemeji Alipoupigia Makofi Moshi

Moshi ulianza kutoka kwenye gari la mashindano, na mwenye gari akapiga makofi.

Hayakuwa makofi ya mzaha. Alipiga kama mtu anayempokea bibi harusi, na wageni wake, waliovaa viatu visivyowahi kukanyaga grisi, wakapiga pamoja naye.

Ndani ya gari hilo, amefungwa mikanda begani na kiunoni, alikuwa binti yangu.

Tulieni niwasimulie. Mwenye gari ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, nami sina haja ya kumpamba.

Watu humwita Bingwa. Ubingwa wenyewe aliupata wapi, hakuna ajuaye. Jina alijipa mwenyewe, akalichora juu ya mlango wa karakana yake, nasi tukalizoea kama mtu anavyozoea paa linalovuja.

Kazi yangu pale ilikuwa kutandika vitambaa vya fiberi kwenye kalibu yenye umbo la gari, kuvipaka gundi, na kuvisugua vikishakauka. Hivyo ndivyo mwili wa gari ulivyozaliwa: pua, mbavu, na kile kifuniko cha injini kinachoanzia nyuma ya kichwa cha dereva na kuteremka hadi karibu na bawa la nyuma.

Kwa asiyejua, kifuniko hicho si pambo.

Hewa inayopita juu ya kichwa cha dereva huteleza mgongoni mwa kifuniko. Ikifika nyuma imetulia, bawa huikamata, gari likagandamizwa chini na matairi yakaishika barabara. Ikifika imevurugika, gari huserereka kwenye kona kama mlevi kwenye utelezi.

Ndiyo maana kila timu hutamani kifuniko chembamba, laini, kisicho na tundu.

Lakini injini nayo ina joto lake, na joto halina budi kupata pa kutokea.

Katikati ya ugomvi huo wa hewa na joto wamekaa wakaguzi na kanuni zao. Pezi, lile bapa lililosimama mgongoni mwa kifuniko, lisipungue kimo, maana ndipo namba ya gari isomekapo. Kifuniko kisiwe chembamba kuliko kigezo cha mbao, ambacho mkaguzi hukivisha juu yake kama muuza kofia. Na matundu ya kutolea joto yasizidi upana wa viganja viwili kila upande.

Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo iliyompa Bingwa wazimu.

"Shemeji," aliniambia, akitabasamu kama aliyeokota dhahabu jalalani, "wamesema yasizidi. Je, wamesema yasipungue?"

"Hawakusema."

"Basi tunayaziba yote!"

Fundi wa injini, mtu ambaye mdomo wake haujui kunong'ona, akaangusha spana makusudi.

"Bosi, ukimziba mtu pua na mdomo, usije ukajisifu kwamba sasa uso wake umependeza."

"Wewe kaza nati. Mambo ya hewa niachie mimi."

"Hapo umesema kweli. Hewa ndiyo kitu pekee ulichojaliwa kwa wingi."

Karakana nzima ilicheka, isipokuwa mwenye karakana.

Mimi nilikataa katakata. "Matundu hayo niliyatoa kwa mikono yangu. Ukitaka yazibwe, yazibe mwenyewe."

Akayaziba. Alibandika fiberi kama mtoto anayepaka uji ukutani, kisha akafunika uchafu wake kwa rangi ya kung'aa. Kwa mbali kifuniko kilipendeza mno. Hata jeneza hupendeza likipigwa vanishi.

Mkaguzi alikuja, mtu wa miwani minene na suruali iliyonyooshwa ikanyooka. Akavisha kigezo. Akapima pezi. Akafuata kanuni kwa kidole, mstari baada ya mstari.

"Hakuna kosa," akasema.

Nikamuuliza kwa adabu zote, "Mheshimiwa, injini hii itapumulia wapi?"

"Mama, mimi napima kilichoandikwa. Pumzi haikuandikwa."

Nilimtazama akikibeba kigezo chake. Kumbe mtu aweza kuwa na macho mawili, akaongezewa mawili ya kioo, na bado asione.

Sasa binti yangu. Karakana walimwita Mshale. Alianza pale kwa kuosha matairi, akapanda hadi kukaa kwenye kiti cha dereva, na kiti hicho ndicho kitu pekee alichokitaka duniani. Alipolijaribu gari lenye kifuniko kilichozibwa, alirudi akishika kiuno.

"Ba'mdogo, mgongo unaniwaka."

"Dereva halisi hutoka jasho, mwanangu."

"Si jasho. Ni kama nimeegemea jiko."

"Kiti kikikushinda, shuka. Mkwe wangu anakingoja hata leo."

Nilifungua kinywa. Binti yangu akanivuta kando.

"Mama, nakuomba, usinisemee. Nikishuka sasa, sitapandishwa tena."

Nikameza maneno yangu, nayo yalikuwa na miiba.

Siku ya maonyesho Bingwa aliwaita wafadhili. Alikodi feni kubwa kama mlango wa ghala, na mashine ya moshi, ile ya kwenye kumbi za muziki. Hesabu yake ilikuwa kwamba feni itapuliza, fundi atatoa moshi mbele ya gari, nao wageni wataona kwa macho yao jinsi hewa inavyopita juu ya kifuniko. Akaamuru injini iwake na binti yangu akae ndani, eti wageni wasikie mngurumo wa kweli.

Feni ikavuma. Injini ikanguruma.

Punde uzi mweupe ukachomoza nyuma ya kofia ya binti yangu, ukalala mgongoni mwa kifuniko, ukafuata pezi, ukateleza hadi kwenye bawa. Nakiri ulipendeza.

"Tazameni!" Bingwa akapaza sauti, makofi yakimtoka. "Tazameni hewa inavyonitii!"

Uzi ukawa kamba. Kamba ikawa kijivu.

"Mbona unanuka?" akauliza mgeni mmoja, kitambaa puani.

"Hiyo ndiyo harufu ya kasi, mheshimiwa!"

Hapo ndipo nilipomtafuta fundi kwa macho. Alikuwa ukutani, amepiga magoti, plagi ya mashine ya moshi mkononi, akihangaika na soketi iliyolegea. Akageuka. Akaona moshi. Akaitazama plagi yake.

"Bosi! Mashine sijaiwasha!"

Na Bingwa, bila hata kugeuza shingo, akajibu: "Basi usiiwashe, huu unatosha!"

Sikungoja tafsiri. Nilikimbia na sandali moja. Binti yangu alikuwa amekwisha kuizima injini, anapambana na mikanda, na nyuma yake ulimi wa moto ulikuwa unalamba mshono wa kifuniko. Nikamshika kwapani, nikamvuta kama nilivyomleta duniani mara ya kwanza, kwa nguvu ambazo sikujua ninazo. Fundi akafika na mtungi wa kuzimia moto.

Tulipoanguka sakafuni, mgongo wa mwanangu umebabuka, nilimsikia baba yake mdogo akilia.

"Kifuniko! Okoeni kifuniko!"

Moto ulipozimwa, tulikitazama. Kile nilichokitandika mimi kilisimama, cheusi lakini kizima. Viraka vya Bingwa vilikuwa vimeliwa vyote. Matundu yalikuwa wazi tena, palepale nilipoyatoa.

Mwanangu alipona. Siku hizi anaendesha gari la karakana ya jirani, nami nimehamia huko na kalibu zangu. Kabla ya kuketi, yeye hupitisha kwanza mkono kwenye matundu ya kifuniko, upande huu na ule.

Mnadhani shemeji yangu aliona haya?

Msimu uliofuata wakaguzi walitoa kanuni mpya: matundu ya kutolea joto yasizidi viganja viwili, wala yasipungue kimoja. Bingwa aliichapisha, akaitia kwenye fremu, akaitundika mlangoni chini ya jina lake.

"Hii ni ya kwangu," huwaambia wageni. "Ni wangapi mnaowajua walioandikiwa kanuni?"

Mwanangu aliisoma tulipokuwa tukipita, taratibu, hadi nukta, kisha akamgeukia Bingwa aliyesimama mlangoni.

"Kweli, ba'mdogo. Hata chupa ya sumu huchorwa fuvu. Ila sijawahi kusikia fuvu likiringa."

Basi nawaachia hili. Ukikutana na kanuni inayokuchosha kwa udogo wake, usiulize ni mjuzi gani aliyeiandika. Uliza ni mpumbavu gani aliyesababisha iandikwe, na ni mtoto wa nani aliyekuwa amefungwa mikanda siku hiyo.