Mlima wa Baba na Mablanketi ya Mama

Sisi tuliokulia Makongeni wakati filamu ya kamera ilifungiwa kabatini pamoja na sukari, tunajua kuheshimu picha. Hukupigwa ovyo. Uliogeshwa, ukapakwa mafuta mpaka magoti yakang'aa, ukasimama wima kama mshtakiwa, halafu ukangoja mpaka filamu iishe ndiyo ujue kama ulifumba macho. Vijana wa leo wanapiga picha chai kabla ya kuinywa. Chai jamani!

Baba yangu, fundi wa mashine kiwandani, alikuwa na kamera na alikuwa na ndoto. Kanisa letu lilitaka picha ya mlima wa Kilimambogo ya kuweka kwenye kalenda ya mwaka uliofuata, na Baba aliapa itakuwa yake. Alitaka mlima peke yake, bila mtu. Watu, alisema, wanaharibu mandhari. Sisi watoto tuliona ni kama ametutukana.

Shida ni kwamba mwezi wa Aprili, anga ya Thika haina adabu. Jua linawaka, Baba anapanda kilima cha nyuma ya nyumba, anafumba jicho moja, na mlima unajifunika wingu. Anashuka kunywa chai, mlima huo, wazi kabisa! Anatoka mbio na mkate mdomoni, mvua inamnyeshea. Akirudi amelowa chapachapa, jua linatoka. Mama alisema huo mlima unamjua.

Hivyo hivyo filamu ikaliwa na mawingu mpaka ikabaki picha moja. Jumamosi hiyo jioni wingu jeusi lilikuja kutoka upande wa Ruiru, lakini kabla halijatufunika jua lilipenya pembeni yake na Kilimambogo ukawaka kijani, kila bonde unaliona. Baba akapiga goti kule juu kilimani, kamera jichoni. Sasa Mama naye alikuwa ameanika mablanketi kwenye ua wa kayaba, chini kidogo ya Baba. Aliona mvua inakuja, akatoka mbio na ndara moja, akaanza kuyang'oa kwenye miiba.

"Toka hapo, mlima unaondoka!" Baba akapiga kelele.

Mama akasimama katikati kabisa, akageuka. "Na usiku utajifunika mlima?"

Wingu lilikuwa linafunga. Baba akabonyeza.

Picha ilipotoka studio, Baba aliiangalia akakaa chini. Mlima ulikuwa mzuri ajabu, na mbele yake Mama, blanketi begani, kitambaa cha kichwa kimeteleza, mdomo wazi. Aliipeleka kanisani kwa aibu kwa sababu hakuwa na nyingine. Kamati ilicheka mpaka ikafuta machozi, kisha ikaichagua.

Mwaka mzima Mama alining'inia sebuleni mwa watu, kuanzia mtaa wa Landless mpaka kwa shangazi yangu Ruiru. Sokoni wanawake walimuuliza kama mvua itanyesha. Kwetu alikataa kabisa kalenda hiyo itundikwe. Baba alijaribu kumtuliza kwa kumwambia kwamba hata yeye angependelea mlima peke yake, na hilo halikusaidia hata kidogo.

Baba ametutoka sasa. Juzi nilimpeleka binti yangu Wambui kwa Mama, siku hizi anaishi Ngoingwa, na Wambui akaikuta ile kalenda kwenye sanduku la Baba, babu yake, guka kama anavyomwita. Akaipiga picha na simu. Hizi simu zao zinafuta watu! Aligusa hapa, akagusa pale, Mama akatoweka, ua na mablanketi yote, ukabaki Kilimambogo safi kama alivyoutaka Baba maisha yake yote. Nilifurahi kwa niaba yake, nasema ukweli. Enzi zetu mtu alihangaika Aprili nzima na asipate kile ambacho mtoto anakipata akiwa amelala kwenye kiti.

Wambui akampelekea Mama, shosho yake, ile simu, akamwambia sasa hakuna mtu atamcheka tena.

Mama aliishika simu kwa mikono miwili.

"Nirudishe," akasema.

Wambui akamweleza kwamba hivi ndivyo inapendeza zaidi.

"Nirudishe hapo, mami. Nilikuwa naongea na guka yako."