Darasa la Mwalimu Malizia

Nani aliyembandika jina la Malizia hakuna aliyekumbuka, ila jina lilimkaa kama nguo ya kushonewa. Mwalimu huyu wa darasa la pili hakuwa na desturi ya kumaliza neno. Alilianza, akaliachia njiani, na darasa zima likalidaka.

"Ng'ombe anatupa ma..."

"...ziwaaa!"

"Na miguu yake ni mi..."

"...nneee!"

Ukuta wa mbao uliomtenganisha na darasa la tatu ulitikisika. Mwalimu wa la tatu, bwana mmoja mpole, alikwishazoea kuweka chaki chini na kungoja dhoruba ya jirani ipite.

Nyumbani nako hali ilikuwa ileile. Mumewe, fundi saa, alimalizia maneno bila hata kuinua macho kazini. Siku moja aliambiwa, "Baba watoto, hebu nipe ki..." akaleta kijiko, kumbe mwenzake alitaka kisu. Walinuniana mpaka chakula kikapoa.

Tusimcheke sana lakini. Malizia alikuwa mwalimu kwelikweli. Aliwakata watoto kucha kwa mkono wake, akawafunga kamba za viatu, na fimbo hakuijua. Wazazi walipigana vikumbo ili watoto wao waangukie kwake. Mgeni yeyote aliyefika shuleni, mwalimu mkuu alimpitisha kwa Malizia kwanza, maana darasa lile lilichangamka hata mgeni akasahau kuuliza kuhusu mengine.

Basi mwaka huo kitinda mimba wake, binti aliyekuwa chuo cha ualimu, aliletwa shuleni hapo kwa mazoezi ya kufundisha, na akapewa darasa la mama yake. Mkufunzi kutoka chuoni angekuja kumtazama akifundisha kipindi kimoja. Binti akifaulu, anahitimu na wenzake. Akishindwa, anarudia mwaka. Malizia alijiona kama yeye ndiye anayehitimu. Alimkabidhi mwanawe chaki, akaenda nyuma kabisa, akajibana kwenye dawati la watoto, magoti karibu yaguse kidevu.

Jirani yake dawatini alikuwa Redio. Ndivyo walivyomwita msichana huyo, kwa kuwa sauti yake ilifika hadi barabarani. Malizia alimhesabu kuwa nyota ya darasa.

Binti alianza somo, naye alianza vilevile kama mama yake: neno nusu, darasa likamalizia. Malizia alisikia machozi ya furaha yakimlengalenga. Damu yangu hii, alijisemea. Kisha, bila kukusudia, akatupa jicho kwenye kitabu cha Redio.

Kitabu kilikuwa wazi kwenye ukurasa wa kuku. Wenzake walikuwa wakisoma habari za kisima. Redio mwenyewe hakukitazama hata kidogo. Macho yake yalikuwa yameganda kwenye midomo ya mwalimu, na kila neno lilipoachiwa alisubiri wenzake waanze mkia wake, kisha akaudandia kwa sauti kuwashinda wote. Malizia alikuwa amesimama mbele ya darasa hilo miaka nenda rudi, na kutoka mbele huonekana midomo tu, yote imefunguka. Huku nyuma hakuwahi kukaa.

Mapumziko yalipofika alimbakiza.

"Mwanangu, hebu nisomee mstari huu. Peke yako."

Mstari wenyewe ulikuwa wa maneno mawili: Mama anapika. Redio akatabasamu, akainua uso, akangoja.

"Soma basi."

"Anza wewe, Mwalimu."

"Hapana, anza mwenyewe."

"Mimi huwa namalizia tu," Redio alisema, bila aibu yoyote, kama mtu anayeeleza kazi yake.

Malizia akamwita mwingine. Akamwita mwingine tena. Kengele ilipolia aliacha kuwaita, kwa sababu aliogopa. Alikaa peke yake kwenye lile dawati dogo.

Jioni, akiosha vyombo na binti yake, alilitoa lililokuwa rohoni.

"Kesho usiwaitikishe. Waite mmojammoja."

Binti aliacha sahani kwenye maji. "Mama! Mkufunzi anakuja kesho, leo ndiyo unaniambia?"

"Hawajui kusoma."

"Chuoni walitukataza mtindo huo, najua. Lakini nikiingia darasani kwako kinywa kinajisemea chenyewe." Binti alijifuta mikono, akashusha sauti. "Nikiwaita mmojammoja watakwama, mimi nitafeli. Na atauliza darasa ni la nani."

"Acha aulize."

"Miaka yote hii wanakusifu, Mama."

"Nimesema acha aulize."

Fundi saa, aliyekuwa chumba cha pili, alijifanya hasikii kitu. Malizia hakuwa na uhakika kwamba alikuwa akimwomba mwanawe jambo la haki. Alijua tu kwamba asingeweza kuketi nyuma tena na kuzipigia makofi kelele zile.

Mkufunzi alifika asubuhi, mama mrefu mwenye miwani na viatu vilivyojaa vumbi. Alisalimia, akaketi karibu na Malizia. Binti aliandika ubaoni, akageuka.

"Leo hatuitikii pamoja. Nitakayemtaja ndiye atakayesoma."

Watoto wakatazamana. Darasa likanyamaza kwa namna ambayo halijapata kunyamaza, hata mwalimu wa la tatu akaja kuchungulia dirishani, akidhani pengine wameugua.

Redio alitajwa. Akasimama, akatazama midomo ya mwalimu. Midomo haikutikisika. Kule nyuma Malizia alisikia neno likimwasha kwenye ulimi, akajiziba mdomo kwa kiganja, akakibana hasa.

"Ma... ma," Redio alisema. "Mama."

Akahamia neno la pili.

"A... na..." Akakwama. Mtoto mmoja akacheka. Binti hakumwokoa. Alisogea ubaoni, akaweka kidole chini ya herufi, akangoja. Malizia aliona kungoja huko kunamchuna ngozi.

"Anapita."

"Umekaribia sana. Tazama hapa mwisho."

"...ka. Anapika." Redio akaketi kwa kishindo, akihema kana kwamba amepandisha ndoo ya maji kilimani.

Baada yake wachache walisoma. Wengi walikwama, na wawili walilia.

Kipindi kilipokwisha, mkufunzi aliwasimamisha mama na binti barazani. "Darasa la pili, na wengi hawasomi. Mwalimu wao ni nani?"

"Nimekuwa nao mimi, Mwalimu," binti aliwahi kujibu. "Pengine sikuwa..."

"Usimsikilize," Malizia alimkatiza. "Darasa ni langu. Nimewafundisha hivi tangu nianze kazi. Nilidhani wakipiga kelele wameelewa."

Mkufunzi alivua miwani, akaifuta taratibu, akaivaa tena. Kisha akampa binti mkono.

"Umefaulu. Walimu wengi hawawezi kumngoja mtoto." Akamgeukia Malizia, bila ukali na bila kumbembeleza. "Wewe twende kwa mwalimu mkuu. Tupange namna ya kuwafundisha hawa upya."

Mchana walirudi nyumbani pamoja, binti akibeba mikoba yote miwili. Malizia alikuwa amechoka, lakini moyo ulikuwa umetulia kidogo. Walau huyu wangu amevuka, aliwaza, na huyu nilimfundisha mimi mwenyewe.

"Mama," binti alisema, "unajua mimi nilijua kusoma lini?"

"Si darasa la pili, kwangu?"

"La tano."

Malizia alisimama palepale njiani. Watu wakampita kushoto na kulia.

"Shangazi ndiye aliyenifundisha," binti aliendelea, akitazama chini. "Alinikalisha likizo nzima, akanikataza nisikuambie."

"Lakini mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Ningekuambiaje, Mama? Wageni walikuwa wakija, unanisimamisha mbele yao, unawaambia huyu ni wangu."