Shavu la Mama wa Majani

Mama wa majani, sokoni Mikelenge, huanika majani ya kuwasha kivulini mpaka yakauke kama karatasi. Vidole vyake vimekuwa vigumu, havisikii tena mwasho, kwa hiyo huyapima kwa shavu kama bado yanawasha.

Mauwa, aliyetoka kujifungua na kupungukiwa damu, aliiogopa chai ya majani hayo, dawa ya kuongeza damu.

"Mama, haitanichoma koo?"

"Ikikauka inasahau hasira, mwanangu. Angalia!"

Akajisugua jani shavuni. Kumbe, kwa kumchekea mtoto mgongoni mwa Mauwa, alikuwa ameokota jani bichi. Shavu likavimba papo hapo.

"Sitwayene, leo umejipaka poda gani?" jirani akamtania, akimwita raia kwa Kifaransa cha sokoni.

Mama akacheka mpaka machozi. "Hii iko na hasira bado!" Akachukua jani kavu, akageuza shavu la pili, akalisugua polepole. Halikuvimba.

Mauwa akanyoosha bakuli lake amiminiwe chai.