Patani za Mwili Wangu

Mguu wangu wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia, na nyonga yangu moja imepanda. Nilizaliwa hivyo. Nikiwa shuleni, kila sketi niliyoshonewa ilikaa mshazari, upande mmoja juu, mwingine unaburura vumbi. Siku moja nilimrudishia fundi wa sokoni sketi yake. Akanitazama kutoka juu mpaka chini, akasema mbele ya wateja, "Sketi haina kasoro, binti. Kasoro ni yako."

Sikulia. Nilirudi nyumbani Mwankoko, nikaokota mifuko mitupu ya saruji, nikaichana na kuikung'uta, nikajilaza juu ya karatasi zake. Mama akanizungushia kipande cha mkaa. Mchoro ulitoka kama chura aliyekanyagwa, tukacheka mpaka basi. Lakini sketi ya kwanza iliyonikaa sawa maishani ilitoka kwenye karatasi hizo.

Baadaye nikajifunza ushonaji, nikawa fundi. Karatasi za kukatia nguo, ambazo sisi mafundi tunaziita patani, sikutupa hata moja. Mwili wangu hautulii. Nilipojifungua nyonga ilihama, na umri nao unaihamisha. Kila ilipohama nilichora upya, nikaziweka zote katika chumba kidogo cha uani alichoniachia baba.

Msimu uliopita wa mavuno nilikwenda Iguguno siku tatu kushona sare za kwaya. Niliporudi nikakuta chumba kimejaa magunia ya alizeti. Patani zangu zilikuwa zimeshindiliwa kwenye kiroba jikoni, na wifi yangu alikuwa anaziwashia jiko. Patani za mikono miwili ya gauni zilikwisha kuwa majivu.

Nikamfuata kaka yangu mkubwa.

"Shikamoo, kaka. Nani kahamisha karatasi zangu?"

"Marahaba. Mimi. Alizeti ni mali, yale ni takataka. Nguo za mtumba zimejaa mnadani, nenda kanunue kama wenzako."

"Hizo za mtumba zilipimwa kwa mwili wa nani?"

Akageuka kutaka kuondoka.

"Basi kaka, naitoa alizeti yako."

"Utaiweza?" aliuliza huku akiutazama mguu wangu.

Nililishika gunia la kwanza masikio, nikaliburura kinyumenyume mpaka barazani. La pili. La tatu. Kwenye la nne mama aliacha kupepeta mtama, akaja akashika upande wa pili. Nilimwambia apumzike, akanikaripia kwa Kinyaturu kwamba nisimpangie kazi katika nyumba yake. Magunia kumi na moja. Kaka alisimama anatutazama, halafu akaenda kutafuta turubai la kuyafunika. Wiki nzima hakunisemesha, na mimi nilimwamkia kila asubuhi kama inavyotakiwa.

Wiki hiyo nilifanya kazi niliyokuwa naiahirisha miaka yote. Nilizinyoosha patani moja moja kwa pasi ya uvuguvugu. Zilizochanika nilizibandikia vitambaa kwa gundi ya unga. Mikono iliyoungua niliichora upya baada ya kulifumua gauni lenyewe. Kila moja niliiandikia aina ya nguo, mwaka, nyonga ya kushoto, nyonga ya kulia, kwa tarakimu kubwa, bila kificho. Nikazitoboa tundu, nikazitundika kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta, mbali na mchwa, na majani makavu ya mwarobaini chini yake.

Siku hizi wanakuja wengine. Mama mmoja wa Mkiwa aliyetolewa titi moja alifika na blauzi iliyokuwa imewashinda mafundi watatu. Nilimpima kila upande peke yake, na patani yake inaning'inia pamoja na zangu.

Kaka bado anaziita takataka. Alizeti ya mwaka huu ameiweka chumbani kwake mwenyewe, na anapita ubavuubavu kufika kitandani.