Niling'oa Milamula ya Njia ya Chuo

Nilifanya makusudi. Sitaki mtu anisaidie kwa kusema shetani alinipitia. Siku hiyo shetani alikuwa na shughuli zake. Aliyeshika jembe ni mimi.

Sogea karibu nikwambie, msomaji, maana huku kwetu Bugarama wanaonisogelea wamepungua.

Kulikuwa na njia ya miguu. Ilitoka kilimani, ikapita uani kwa mama yangu, ikashuka hadi kwenye kibanda cha chai cha Zabroni, ikakatiza uwanja wa chuo kikuu cha binafsi, ikatokea upande wa pili kwenye soko, zahanati na makaburi ya ukoo wetu. Njia ilikuwapo kabla ya chuo. Babu zetu waliipandia milamula pande zote mbili, ule mmea wa majani marefu ambao kwetu ndio shahidi wa mpaka. Ugomvi wa ardhi ukizuka, wazee hutazama kwanza mlamula uko wapi, ndipo watu hufungua midomo. Mlamula haung'olewi!

Sasa Zabroni. Silo jina lake, lakini hata hili la bandia nikiliandika kalamu inakwaruza.

Nilifeli kidato cha sita. Basi. Kila asubuhi nikishuka na baiskeli yenye mikungu ya ndizi, yeye anagonga sufuria kwa mwiko: "Pisheni njia! Profesa anawahi kipindi!" Wanafunzi wa chuo, waliojaa kwenye mabenchi yake, wanacheka mpaka chai inawatoka puani. "Profesa, leo unafundisha nini? Ndizi mbivu au mbichi?"

Mwaka mzima! Siku Jenista, msichana niliyekuwa natafuta ujasiri wa kumposa, alipocheka pamoja nao huku amefunika mdomo kwa kanga, niliapa. Birika lake la chai nitalikausha.

Nafasi ikaja yenyewe. Chuo kilitaka kujenga ukuta. Serikali ya kijiji ikasema njia ya watu haizibwi, ila mpimaji aje awaulize wenye mashamba ya mpakani kama njia ni ya zamani. Upande wetu mwenye shamba alikuwa mmoja: mimi, niliyelirithi kwa baba.

Alfajiri ya siku hiyo nilishuka na jembe. Niling'oa milamula yote ya sehemu inayopakana na chuo, nikaichoma pamoja na magugu.

Mpimaji akaniuliza, "Kijana, njia hii ina umri gani?"

"Shikamoo mzee. Haina umri. Ni wanafunzi tu wanakatiza shambani kwangu kufuata chai."

"Haina milamula?"

"Unaiona?"

Wazee wawili waliokuwapo walinitazama, wakatazama udongo mbichi, wakainamisha vichwa. Mwenye shamba amesema. Nani atambishia juu ya ardhi ya marehemu baba yake? Nikasaini karatasi ya mpimaji.

Ukuta ukapanda. Wanafunzi hawakuja tena, kibanda kikafa. Nilikwenda kuangalia mabenchi yakiota uyoga, na nakuapia, nilifurahi! Asikudanganye mtu kwamba kisasi hakina utamu. Kinao. Unadumu wiki tatu hivi.

Kisha nikamsikia mama.

Mama yangu alikuwa haoni. Alishinda kwenye mkeka uani, ubavuni mwa njia, akiitikia shikamoo za wapita njia tangu asubuhi. Aliwajua kwa miguu. "Huyu ana mzigo. Huyu kagombana na mkewe. Huyu Zabroni, anaburuta kisigino." Na Zabroni huyo, jamani, kila siku alimletea kikombe cha chai ya tangawizi, kikombe ambacho hasira zangu hazikutaka kukiona.

Sasa njia ilikuwa haifiki popote, na watu wa soko na zahanati walizungukia barabarani.

"Baba," mama akaniambia, maana ndivyo alivyoniita mimi mwanawe, "kuna msiba gani? Mbona watu hawapiti?"

Siku ya kwanza nikasingizia gulio. Ya pili, mvua. Kisha uongo ukaniishia. Mwezi wa pili aliacha kuuliza. Majani ya migomba yakigusana kwa upepo, nilimsikia akiitika: "Marahaba, mwanangu." Ole wangu! Kisu gani kinakata hivyo?

Alifariki wakati wa masika. Barabara ilikuwa tope tupu, gari halipiti. Nikaenda kwenye geti la chuo, kofia mkononi, kuomba tumpitishe marehemu.

"Pole sana, kaka," mlinzi akasema. "Nimeuliza ofisini. Wanasema hapa hapajawahi kuwa na njia." Akashusha sauti. "Wamenionyesha karatasi. Saini ni yako."

Tukazunguka. Karibu nusu siku, jeneza mabegani, tukiuambaa ukuta, na nyuma yake nilisikia vijana wakishangilia mpira. Kwenye mteremko wa pili bega langu lilikataa. Ndipo nikasikia nyuma yangu kisigino kinaburutwa.

Sikugeuka. Nilimjua kama mama angemjua.

"Lete," Zabroni akasema.

Nikangoja neno Profesa. Niliomba lije, linipe sababu! Halikuja.

"Lete, ndugu yangu. Huyu aliniitikia kila siku."

Akambeba mpaka kaburini. Hivyo ndivyo alivyonilipiza, na kisasi changu chote hakifiki hapo.

Bado namchukia. Sasa namchukia kwa lile bega lake. Jembe ninalo bado, na hasira ninazo bado, lakini sina pa kuzipeleka. Nikizielekeza kwake zinanirudia.

Nawe uliye na adui aliyekaa kando ya njia, sikia. Kabla hujaiziba, keti chini kwanza uisikilize miguu yote inayopita humo. Mimi nilisikiliza mguu mmoja tu.