Siku Nyanya Alipoingilia Litania

Mwezi uliopita nilienda mazishi ya jirani yetu wa zamani, yule mama Mtaita tuliyepakana naye ukuta katika nyumba za reli hapa Nakuru. Ibada ilikuwa katika kanisa lile lile la Kianglikana alilotupeleka Jumapili moja, miaka ya hamsini, nikiwa msichana mdogo. Sasa lina spika kubwa, na maneno ya nyimbo yanamulikwa ukutani. Mimi kusoma nasoma polepole. Shule niliacha darasa la tatu nikaenda kuuza samaki, na kwa samaki hao nimejenga ploti ya kupangisha mtaani Bondeni, kwa hiyo usinihurumie. Lakini nilipokaa, upepo uliingia mlangoni na lile vumbi la ziwa, nikamwona tena nyanya yangu, kama Jumapili ile, amesimama katikati ya watu.

Wewe uliyezaliwa juzi hujui vumbi lilivyokuwa. Kiangazi ziwa likikauka kingoni, upepo ulileta unga mweupe wa magadi mpaka ndani ya sufuria. Chumba chetu kilikuwa kimoja: baba, mama, mimi na mtoto mchanga. Kazi yangu ilikuwa kupangusa vumbi na kubeba mtoto. Aliitwa Nekesa, kwa maana alizaliwa wakati kwetu magharibi watu wanavuna.

Nyanya alikuja kumwona. Alishuka treni akiwa na kuku na kikapu cha unga wa wimbi, akakuta Nekesa tumeshamzika. Surua ilimchukua haraka. Baba alipewa ruhusa ya asubuhi moja tu kazini, kwa hiyo makaburini tulikuwa sisi na mchimbaji. Nyanya aliketi sakafuni, kikapu hakukifungua.

"Nani aliitikia?" akauliza.

Mama akageukia sufuria.

"Nauliza, mtoto alipotajwa, nani aliitikia? Mmemzika kama watu wanaoficha kitu cha wizi!"

Kanisa letu kule nyumbani lilikuwa la ngoma na kanzu nyeupe. Mwenye mzigo alisimama akausema, na watu wote wakaitikia. Mzigo ambao haukuitikiwa, nyanya aliamini, ulibaki kwa mwenyewe. Na kweli mama alikuwa nao. Tangu makaburini hakuwa amedondosha hata chozi, alikuwa akisonga ugali na kuusahau motoni. Lakini mjini hatukuwa na kanisa letu, na siku zile za hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, ukikusanya watu na ngoma bila kibali, askari wako mlangoni. Nyanya akasema harudi nyumbani mpaka Nekesa aitikiwe.

Jirani yetu alisikia yote, maana ukuta wa nyumba zile ulikuwa kama shuka. Akaja.

"Mama, Jumapili twendeni kanisani kwetu. Lakini huko hakuna ngoma. Tukisimama, simama. Tukipiga magoti, piga. Maneno yote yako kwa kitabu."

"Na Mungu akitaka kusema kitu ambacho hakiko kwa kitabu?"

"Anangoja tumalize."

Basi tukaenda, tumepakwa mafuta tukang'aa. Kanisani palikuwa kimya, nasikia mpaka viatu vya mtu vikilia. Suti za wazee zilinuka naftalini. Tukasimama, tukaketi, tukapiga magoti, tukasimama tena. Nyanya akaninong'oneza, na mnong'ono wake ungeweza kusimamisha treni: "Hawa wanasali ama wanafanya drili ya askari?" Jirani akamfinya.

Halafu padri akaanza litania, yale maombi marefu ya kuitikia. Anaombea wasafiri, watu wanajibu: "Twakusihi utusikie, Bwana." Anaombea wagonjwa: "Twakusihi utusikie, Bwana." Nikaona kichwa cha nyanya kinainuka.

"Kumbe wanaitikia!" akasema.

Padri alipotua kufungua ukurasa, nyanya akasimama wima.

"Na Nekesa, mtoto wa mwanangu, aliyezikwa bila watu!"

Kanisa zima, midomo ilivyozoea, likajibu: "Twakusihi utusikie, Bwana."

Ndipo wakashtuka. Shingo zikageuka. Jirani akajifunika uso kwa kitambaa, na mzee wa kanisa akatoka kwenye benchi lake kuja kutuondoa. Nyanya hakuketi.

"Na mama yake, huyu hapa, ambaye amekataa kulia!"

Mara hii hakuna aliyejibu. Mama aliinamisha kichwa. Mimi niliushika mkono wake, ulikuwa baridi kama bomba. Padri alimtazama nyanya juu ya miwani yake, akamtazama na mama. Akainua mkono, mzee wa kanisa akasimama alipofika. Kisha, kitabu amekifunga, kidole kikiwa ndani kushika ukurasa, padri akaitikia mwenyewe, polepole: "Twakusihi utusikie, Bwana."

Watu wakamfuata, kwa sauti kubwa kuliko zote za asubuhi ile. Na mama akalia. Alilia kama mtu anayetapika, ndani ya kanisa la wenyewe, na jirani akatupa kitambaa chake akamkumbatia. Padri alingoja, akarudi kwenye ukurasa wake.

Mlangoni alimpa nyanya mkono. "Karibu tena, mama. Lakini leo ulizidisha."

"Na wewe ulikuwa umepunguza," nyanya akamjibu.

Jioni akafungua kikapu, akatupikia ugali wa wimbi. Mama alikula, akaomba mwingine.

Nyumba zile sasa hazipo, na makaburini watu wamezikwa juu ya wengine, hakuna wa kunionyesha Nekesa alipolala. Mazishi yalipokwisha nilibaki kwenye benchi. Kijana mmoja alikuwa akikunja nyaya za spika.

"Ile litania ndefu bado mnaisoma?" nikamuuliza.

"Ile ya kuitikia, shosho? Mara moja moja tu. Watu siku hizi wana haraka."

Akaenda zake na nyaya begani. Basi nikamtaja Nekesa, nikamtaja nyanya, na mama, na jirani yetu tuliyetoka kumzika. Kila jina nikaliitikia mwenyewe, kwa sauti, maana waliojua kuitikia pamoja nami nimeshawazika wote.